Bonanza: siku makoboyi wa Ponderosa walikataa kupanda jukwaani Jackson

Mwanzoni mwa mwaka 1964, wakaaji wa Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani, walikuwa wanangojea wageni watatu. Lorne Greene, Dan Blocker na Michael Landon walikuwa wametangazwa kupanda jukwaani katika ukumbi mkubwa wa mji. Majina hayo huenda si kila mtu aliyashika, lakini nchi nzima iliwajua kwa majina mengine: mzee Ben Cartwright na watoto wake Hoss na Little Joe, wenye shamba la Ponderosa katika Bonanza, filamu ya makoboyi iliyopita kwenye televisheni kila siku ya Mungu saa tatu ya usiku.

Hawakufika. Wanafunzi wa Tougaloo, chuo cha watu weusi kilicho pembeni ya Jackson, walikuwa wameanza kuandikia barua wasanii wote wanaoalikwa mjini humo. Barua zilieleza jambo moja tu: katika kumbi za Jackson mtu mweusi hakai pamoja na mzungu, kwa hiyo msanii anayekubali kucheza hapo anakubali pia mpango huo wa viti. Waigizaji watatu wa Bonanza walisoma, wakajibu kwamba hawatacheza mbele ya watu waliotenganishwa kwa rangi ya ngozi.

Meya wa mji, Allen Thompson, aliwaka kwa hasira. Yeye na Citizens' Council, kundi la wazungu waliotetea ubaguzi, waliomba watu wa Jackson wazime televisheni zao kila mara Bonanza inapoanza. Huu haukuwa mji wa mchezo. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa 6 mwaka 1963, Medgar Evers, kiongozi wa watu weusi waliodai haki zao Mississippi, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake humohumo Jackson, akafa.

Kwa mtazamaji aliyeizoea Bonanza kama hadithi tamu ya baba na watoto wake, ugomvi huo unashangaza. Filamu ile haikutengenezwa ili igombanishe watu. Ilitengenezwa ili iuze televisheni.

Rangi kwanza, hadithi baadaye

Kituo cha NBC kilikuwa mali ya kampuni RCA, na RCA ilikuwa ikitengeneza televisheni. Mwaka 1954 ilitoa sokoni televisheni yake ya rangi kwa bei ya dola 1,000, mzigo mzito kwa familia ya mfanyakazi wa kawaida. Miaka 5 ikapita, na Wamarekani wengi wakaendelea na mashine zao za nyeusi na nyeupe. Sababu ilikuwa rahisi: ununue rangi ya nini, wakati karibu kila kinachoonyeshwa ni cheusi na cheupe?

David Dortort, mwandishi na mtayarishaji wa filamu aliyezaliwa New York, ndiye aliyeleta dawa. Mwaka 1959 televisheni za Marekani zilikuwa zimejaa filamu za makoboyi, zaidi ya 20 kwa wakati mmoja, na nyingi zilifanana: mtu mmoja, farasi mmoja, bastola moja, anaingia mjini, anaua mbaya, anaondoka. Dortort alitaka watu wenye nyumba na ardhi yao wenyewe. Aliwapa shamba kubwa karibu na ziwa Tahoe, mpakani mwa Nevada na California, mahali penye maji ya bluu, theluji milimani, na miti mikubwa ya aina ya msonobari inayoitwa ponderosa. Shamba likachukua jina la miti. Hadithi ikawekwa katika miaka ya 1860, wakati mji jirani wa Virginia City ulikuwa umefurika watu kwa ajili ya madini ya fedha yaliyogunduliwa hapo mwaka 1859. Hata jina la filamu lilitoka chini ya ardhi: bonanza ni neno la Kihispania ambalo wachimbaji walilitumia siku wanapogonga mshipa mnene wa madini. Mchimbaji yeyote wa Kamituga anaielewa siku ya namna hiyo bila kufasiriwa.

Kipindi cha kwanza kilipita siku ya posho, tarehe 12 mwezi wa 9, 1959. Hakikupata bahati. Saa hiyohiyo kituo cha CBS kilikuwa na Perry Mason, hadithi ya wakili ambayo watu walikuwa wameipenda tayari, na waandishi wa magazeti hawakuona jambo jipya kwa akina Cartwright. Gharama nazo zilitisha: zaidi ya dola 100,000 kwa kipindi kimoja. Kampuni nyingine ingeifuta mapema. RCA haikuifuta, kwa maana mteja aliyeingia dukani kuulizia televisheni ya rangi alihitaji kuonyeshwa kitu, na kitu chenyewe kilikuwa lile ziwa na ile misitu.

Mwaka 1961 Bonanza ilihamishwa siku ya Mungu usiku, na Chevrolet, magari ya kampuni General Motors, ikaingia kulipia matangazo. Hapo ndipo moto ulipowaka. Kuanzia msimu wa 1964 hadi ule uliomalizika 1967, ilikuwa filamu ya kwanza kwa wingi wa watazamaji nchini Marekani, miaka mitatu mfululizo.

Huku kwetu koboyi hakungojea televisheni. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walikuwa wamemfahamu kwenye sinema za mitaani. Walijiita Bills, kwa heshima ya Buffalo Bill, wakavaa jinzi na kufunga vitambaa shingoni, wakajitungia hata lugha yao, Hindoubill, ambayo maneno yake mengine yamebaki katika Lingala ya Kinshasa. Lakini yule alikuwa koboyi wa sinema, mtu wa kuzurura na kupigana. Koboyi wa Ponderosa alikuwa mtu mwingine: jioni alirudi nyumbani, akavua kofia, akakaa mezani na baba yake.

Nguo zilezile, miaka na miaka

Anayetazama vipindi vitano au sita vya Bonanza kwa kufuatana ataona kwamba watu hawa hawabadilishi nguo. Ben ana kizibao cha ngozi. Adam, mtoto wa kwanza, amevaa nyeusi juu mpaka chini. Hoss ana shati jeupe, kizibao cha kahawia na kofia ndefu kama chungu. Little Joe ana jaketi lake la kijani. Msimu wa kwanza walibadilisha kidogo. Tangu wa tatu, basi, hawakubadilisha tena.

Si kwamba akina Cartwright walikosa pesa za nguo. Ni hesabu za studio. Kupeleka farasi, kamera na wafanyakazi mpaka Tahoe kulikula pesa nyingi, kwa hiyo walikwenda mara chache, wakapiga picha nyingi za watu wanne wakipita kwa farasi mlimani, ziwani, msituni, kisha wakaziweka akiba. Kama nguo ni zilezile, picha ya farasi iliyopigwa mwaka jana inaungwa vizuri na maneno yaliyosemwa leo studioni, na mtazamaji hatambui mshono. Tena mtu wa kuigiza hatari, yule anayeanguka kutoka juu ya farasi badala ya mwigizaji, akivaa nguo hizohizo na kuonekana kwa mbali, nani atajua?

Sehemu kubwa ya maisha ya Ponderosa ilipita ndani ya studio za Paramount, Hollywood. Sebule yenye ngazi na moto, vyumba, hata pori ambamo makoboyi walilala usiku wakiota moto, vyote vilijengwa ndani ya ukumbi: miti ya kuletwa, mawe ya kutengenezwa, mbingu ya kuchorwa ukutani. Barabara ya Virginia City nayo ilikuwa nyumba za mbele tu, nyuma hakuna kitu. Nywele pia zilisaidiwa: Pernell Roberts, aliyecheza Adam, alikuwa na upara, na zile nywele nyeusi zilivikwa kila asubuhi.

Mwanzo wa kila kipindi ulionyesha ramani ya Ponderosa inayoshika moto, halafu wapanda farasi wanatokeza ndani ya miali. Ramani hiyo ilichorwa na Robert Temple Ayres. Inasimuliwa kwamba David Dortort alipoiona alisema pande za dunia hazikukaa vizuri. Mchoraji akaongeza dira pembeni, kazi ikaendelea. Muziki wa mwanzo, ule wa magitaa yanayokimbia kama kwato, uliandikwa pamoja na maneno ya kuimba. Katika kipindi cha kwanza waigizaji wanne walipigwa picha wakiyaimba juu ya farasi. Mkanda ulipotazamwa, sehemu hiyo ilitupwa, na kwa kweli hakuna aliyeililia.

Kuna kitu kimoja ambacho mfugaji wa Masisi angeuliza mara moja: ng'ombe wanachungwa na nani? Shamba ni kubwa ajabu, lakini wenye shamba hutumia wiki nzima kumtoa jirani gerezani, kumtetea mjane, kupatanisha maadui. Ng'ombe huonekana wakipita, kisha basi. Hilo halikuwazuia watazamaji kuamini. Wageni walianza kufika Tahoe wakiulizia njia ya Ponderosa, mpaka mwaka 1967 ikajengwa nyumba ya kweli kwa mfano wa ile ya studio, mahali panapoitwa Incline Village, watu wakalipa kuingia, na baadhi ya picha zikapigwa hapo. Iliendelea kupokea wageni hadi 2004, zaidi ya miaka 30 baada ya filamu yenyewe kwisha.

Baba wa miaka 44

Familia ya Cartwright ilikuwa ya ajabu kwa namna yake: baba mmoja, wake watatu waliokufa, mtoto mmoja kwa kila mama. Na waigizaji walikuwa wa ajabu zaidi. Greene, baba, alikuwa na miaka 44 filamu ilipoanza. Roberts, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na 31. Blocker, mtoto wa pili, alizaliwa mwaka 1928 sawa na Roberts, miezi michache tu kati yao. Landon peke yake, miaka 22, ndiye angeweza kuwa mtoto kweli.

Greene alikuwa Mkanada wa Ottawa, mtoto wa Wayahudi waliotoka Urusi. Wakati wa vita ya pili ya dunia alisoma habari kwenye redio ya taifa ya Kanada, na kwa kuwa habari za siku zile zilikuwa za vifo na kushindwa, watu waliipa sauti yake jina la sauti ya maangamizi. Baadaye alitengeneza saa inayohesabu kurudi nyuma, ili mtangazaji ajue sekunde zilizobaki. Blocker alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa Texas, jitu la karibu mita 2, aliyepigana vita ya Korea na kujeruhiwa huko. Landon alizaliwa Eugene Orowitz. Jina la Landon alilichagua katika kitabu cha namba za simu. Blocker na Landon walikuwa wameshapita katika filamu nyingine ya Dortort, na hapo ndipo aliwaweka akilini.

Roberts ndiye aliyekuwa mwiba. Alitoka kwenye jukwaa la maigizo, alizoea kucheza Shakespeare, na mwaka 1955 alipewa tuzo New York kwa kucheza Macbeth. Alipofika Ponderosa alikuta Adam Cartwright, mtu mzima, aliyesoma chuo, mwenye kujua kuchora nyumba, bado analazimika kumwomba baba ruhusa kwa kila jambo. Alilalamika mbele ya mtayarishaji, akalalamika pia mbele ya waandishi wa habari. Aliita kazi ile takataka. Dortort naye alikuwa na hoja yake: televisheni ya wakati ule ilijaa akina baba wapumbavu wanaochekwa na watoto wao, na yeye alitaka baba anayeheshimiwa. Ukiondoa heshima hiyo, Ponderosa inabaki miti tu.

Lakini malalamiko ya Roberts yalikwenda mbali kuliko neno baba. Alisumbua NBC juu ya tabia ya kuwapaka wazungu rangi na kuwafanya Wahindi wekundu au Wachina, wakati wenyewe wapo na wanatafuta kazi. Mwezi wa 3 mwaka 1965 alikwenda Alabama kuungana na matembezi ya kutoka Selma hadi Montgomery, yaliyodai haki ya watu weusi kupiga kura. Mwaka huohuo mkataba wake ulikwisha, akakataa kuongeza. Vipindi karibu 200 alikuwa amecheza. Hollywood ilimshangaa: mtu gani anaacha filamu ya kwanza nchini? Alikaa miaka mingi akicheza sehemu ndogo za hapa na pale, mpaka 1979 alipopata tena filamu ya mfululizo, Trapper John, M.D., akiwa daktari, safari hii na upara wake wazi.

Jackson yajibu

Kukataa kwa wale watatu mwaka 1964 kulifungua mlango. Wasanii wengine walioalikwa Jackson walipata barua kama zile, na mpiga tarumbeta Al Hirt, aliyetazamiwa mjini humo siku zilezile, naye hakucheza. Kwa wanafunzi wa Tougaloo, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamepigwa na kumwagiwa vyakula kwa kukaa kwenye viti vya wazungu katika duka moja la mjini, huu ulikuwa ushindi wa namna nyingine. Barua na stempu tu.

Miezi michache baadaye, tarehe 26 mwezi wa 4, 1964, Bonanza yenyewe iligusa jambo hilo kwenye kioo. Kipindi kiliitwa Enter Thomas Bowers. Mwimbaji mweusi wa muziki wa opera, aliyechezwa na William Warfield, anafika Virginia City kuimba. Hoteli inamkataa. Mahali pa kula panamkataa. Hoss anamchukua, anampeleka nyumbani, na mji unaanza kunong'ona kwamba huyu ni mtumwa aliyetoroka. Kabla ya kipindi kupita, General Motors iliogopa na kutaka magari yake yasitajwe usiku huo. Chama cha NAACP kikapaza sauti, kampuni ikarudi nyuma, matangazo yakapita kama kawaida. Warfield aliimba kwa sauti yake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba Ponderosa iligeuka kuwa uwanja wa siasa. Wiki iliyofuata walirudi kwenye majambazi na wezi wa farasi. Watu weusi waliendelea kuwa wachache kwenye kioo, na wale waliotokea walitokea kama wageni: wanafika, wana shida, wanasaidiwa, wanaondoka.

Mabadiliko makubwa zaidi yalifanyika mahali ambapo kamera za Hollywood hazikufika. Kituo cha Jackson kilichorusha programu za NBC kiliitwa WLBT, na watu weusi wa mji walikuwa na kesi ndefu nacho. Walikishtaki kwamba kinaficha habari zao na kunyima sauti wale wanaodai haki, wakati karibu nusu ya watazamaji wake ni watu weusi. Mwaka huohuo wa 1964 kanisa la United Church of Christ, pamoja na wananchi wa Mississippi, lilipeleka ombi Washington kwamba kituo kisipewe tena ruhusa ya kurusha. Wakuu wa huko walisema mtazamaji wa kawaida hana haki ya kuingia katika jambo hilo. Mwaka 1966 mahakama ya rufaa ikasema anayo. Mwaka 1969 mahakama hiyo ikaondoa ruhusa ya wenye kituo. Meya alikuwa ameomba watu wazime televisheni. Mwishoni kilichopotea mikononi mwa rafiki zake ni kituo chenyewe.

Kiti cha Hoss

Kuondoka kwa Adam kulipunguza watazamaji kidogo, lakini nyumba ilisimama. Landon alikuwa amegundua kwamba anaweza kuandika: katika msimu mmoja hadithi zilipungua, kazi ikawa karibu kusimama, naye akaandika moja siku za mapumziko na ikakubaliwa. Kisha akaanza kuongoza vipindi mwenyewe. Katika majira ya mwaka 1972 alikuwa ameandika hadithi ndefu ya kufungulia msimu wa 14, ambamo Hoss, yule jitu mpole anayekimbiwa na bahati ya mapenzi, hatimaye anapata mke.

Tarehe 13 mwezi wa 5, 1972, Dan Blocker alikufa. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, kazi ya kawaida hospitalini, kisha donge la damu likafika kwenye mapafu. Alikuwa na miaka 43.

Landon aliichukua hadithi ileile, akampa Little Joe yule mke. Katika filamu iliyoitwa Forever, Joe anaoa, mkewe anashika mimba, kisha anauawa nyumba ikichomwa. Ilipita tarehe 12 mwezi wa 9, 1972, miaka 13 kamili tangu kipindi cha kwanza. Mtazamaji anayejua kilichotokea hawezi kuangalia machozi ya Little Joe pale kama maigizo matupu. Juu ya kifo cha Hoss mwenyewe hapakuandikwa hadithi; jina lake lilikuja kutajwa baadaye kwa kupita tu. Hakutafutwa mtu wa kuchukua mahali pake, na labda hilo lilikuwa jambo la heshima kuliko yote ambayo studio ilifanya. Robert Altman, ambaye alikuwa ameongoza vipindi vya Bonanza kabla ya kuwa mkubwa wa sinema, alitaka Blocker acheze katika The Long Goodbye. Filamu hiyo ilipotoka mwaka 1973, ilikuwa imewekwa kwa kumbukumbu yake.

NBC ilikuwa imeihamisha Bonanza kutoka siku ya Mungu, na watazamaji hawakuifuata. Waigizaji waliambiwa zikiwa zimebaki siku chache tu: hakuna tena. Kipindi cha mwisho kilipita tarehe 16 mwezi wa 1, 1973. Gunsmoke peke yake, kati ya filamu za makoboyi za televisheni ya Marekani, iliishi zaidi, miaka 20. Landon alichukua wafanyakazi wengi wa nyuma ya kamera za Ponderosa, na mwaka 1974 akaanza nao filamu nyingine ya familia yenye nyumba shambani. Wanaotazama televisheni za Kifaransa wanaijua kama La Petite Maison dans la prairie.

Mpishi

Ndani ya nyumba ya Cartwright alikuwamo mtu mwingine miaka yote hiyo, ambaye hakupanda farasi kwenye ramani inayoungua. Hop Sing, mpishi Mchina, alitokea jikoni, akalalamika kwamba chakula kinapoa, akakimbia huku na huku, watu wakacheka, akarudi jikoni. Maneno yake yaliandikwa yakiwa yamevunjikavunjika. Aliyemcheza, Victor Sen Yung, alizaliwa San Francisco mwaka 1915 na alizungumza Kiingereza kama Mmarekani mwingine yeyote. Wakongomani wenye umri mkubwa, waliowahi kusikia mtu mzima akiitwa boyi, hawahitaji maelezo.

Virginia City ya kweli ilikuwa na mtaa mzima wa Wachina: wafua nguo, waganga, wafanyabiashara, wajenzi wa reli. Katika Bonanza mtaa huo ulionekana mara chache. Katika miaka 14, Hop Sing alipewa hadithi zake mwenyewe za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika mojawapo, ya mwanzoni mwa 1972, anapata dhahabu na kumpenda mwanamke mzungu, naye anampenda, kisha wanaambiwa kwamba sheria hairuhusu waoane. Ben anasikitika. Hop Sing anarudi jikoni.

Sen Yung hakuwa na mkataba kama wa wale wanne. Alilipwa kwa kila kipindi alichoitwa. Mwezi wa 7 mwaka 1972 alikuwa abiria katika ndege ya California iliyotekwa na watu wenye silaha. Polisi walipoivamia, risasi ilimpata mgongoni, akapona. Filamu ilipokwisha, kazi ikawa haba. Aliandika kitabu cha upishi wa Kichina, akafundisha watu kupika, akafanya biashara ndogo ya vyombo vya udongo nyumbani kwake kaskazini mwa Hollywood. Humo ndimo alimofia mwaka 1980, kwa gesi iliyovuja ndani ya nyumba.

Siku ya mazishi, aliyesimama kusema maneno ya kumuaga alikuwa Pernell Roberts, aliyeacha Ponderosa miaka 15 mbele. Gharama za mazishi pia alizilipa yeye.